Samaki mkunje angali kwenye kompyuta!

 Naandika kutoka huku bondeni Kilombero, ambako mchele unanukia kabla haujaiva na mbu hawajui kitu kinachoitwa likizo. Leo safu yetu inayapumzisha kidogo mambo ya mapenzi. Leo tunaongelea makabati. Usicheke! Subiri kwanza, utanielewa.

Hivi ni mara ngapi umeshuhudia fundi na mteja wakitoana jasho? Mtu unapita zako pale Kibaoni, mara unakuta dada kashika kiuno, fundi kashika msumeno, na watu wamejaa kama kuna ngoma.

"Fundi, hiki sicho nilichokuagiza."

"Dada yangu, si ndicho hiki hiki cha kwenye simu yako?"

"Cha kwenye simu kina miguu membamba imechongoka. Hiki kina miguu ya tembo!"

"Sasa dada, kwa hela ile uliyotoa, hata miguu ya tembo nimekuonea huruma."

Watazamaji hoi kwa kicheko. Wengine upande wa dada, wengine upande wa fundi. Lakini kicheko kikiisha, ukweli ni kwamba pale kuna watu wawili waliopata hasara. Dada kaacha advansi ambayo pengine aliikusanya kwenye mchezo miezi mitatu. Fundi kabakiwa na kabati ambalo hana pa kulipeleka, mbao zimeshakatwa, na mbao iliyokatwa hairudi kuwa ndefu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukichunguza kwa makini utaona kwamba hakuna mwizi hapo. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa na kabati lake kichwani. Dada aliona la kwake, fundi akaona la kwake, na hakuna aliyeweza kuchungulia kichwa cha mwenzake. Ile picha ya kwenye simu haikuwasaidia, kwa sababu picha siyo mchoro. Picha inakuonyesha uzuri, haikuambii kipimo. Haikuambii unene wa mbao, wala kina cha droo, wala kama hilo kabati litapita kwenye mlango wa chumba chako cha kupanga.

Na hapo kwenye mlango ndipo penye vituko. Mlango wa vyumba vyetu hivi vingi ni futi mbili na nusu, yaani kama sentimita 76. Kabati limetengenezwa upana futi nne, kina futi mbili na nusu na kidogo, zuri, linang'aa kwa vanishi. Linafika mlangoni, linagoma. Wanaligeuza hivi, linagoma. Wanaligeuza vile, linagoma. Mwisho anaitwa fundi mwashi aje kubomoa fremu. Jamani! Umenunua kabati, umeuza ukuta.

KUCHORA KABLA YA KUKATA

Sasa ndugu zangu, dunia ilishapata dawa ya ugonjwa huu zamani. Dawa yenyewe ni kuchora kwa kompyuta. Wataalamu wanaiita kedi. Msiogope jina. Maana yake ni kwamba badala ya kuchora mchangani kwa kijiti, au nyuma ya boksi la sigara kwa ile penseli ya sikioni, unachora ndani ya kompyuta, na kompyuta inashika kila kipimo kama karani mwenye wivu. Unaiambia hapa sentimita 60, inaandika 60. Ukibadilisha iwe 55, inakufuta jasho, inarekebisha na sehemu zingine zinazohusika. Ukitaka kuliona kabati kwa mbele, unaliona. Kwa ubavuni, unaliona. Kwa juu, kana kwamba umepanda darini, unaliona. Halafu ukitaka uligeuze zima zima, lizunguke kama mwali anayeonyeshwa kwa wakwe, linazunguka.

Mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 1963 kijana mmoja Mmarekani, Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, alitengeneza programu aliyoiita Sketchpad. Alikuwa anachora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Kompyuta yenyewe wakati huo ilikuwa ni ya kujaza chumba, siyo ya kuweka mapajani. Mwaka 1982 ikaja AutoCAD, ambayo ilikuwa inaingia kwenye kompyuta ndogo za mezani, na hapo ndipo ofisi za wachora ramani zilipoanza kubadilika dunia nzima. Ilipofika mwaka 1994, ndege ya Boeing 777 iliruka kwa mara ya kwanza, ikiwa ndege ya kwanza ya abiria ya kampuni ile kuchorwa yote kwa kompyuta. Mafundi walizipachika sehemu zake ndani ya kompyuta kwanza, wakaona bomba lipi linagongana na waya upi, wakarekebisha kabla chuma hakijakatwa.

Na siyo wazungu peke yao. Majirani zetu wa Uganda, pale Chuo Kikuu cha Makerere, walionyesha gari lao la umeme la watu wawili, Kiira EV, mwaka 2011. Mwaka 2016 wakatoa na basi, Kayoola, lenye sola kwenye paa. Huwezi kutengeneza gari kwa kukadiria na viganja, mshikaji wangu.

Hata hapa kwetu, angalia lile daraja la Mto Kilombero. Wenye umri mnakumbuka kivuko. Mnakumbuka foleni, na mnakumbuka hofu, hasa baada ya kivuko kuzama Januari 2016. Leo unapita juu ya daraja la mita 384, lililozinduliwa Mei 2018, unaelekea zako Mahenge huku unakula karanga. Kitu kama kile hakianzi na zege. Kinaanza na mistari. Kosa likiwa kwenye mstari, unalifuta. Kosa likiwa kwenye nguzo iliyokwisha kusimama mtoni, hilo sasa ni kesi.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nasema hivi: kwa fundi wa leo, samaki mbichi ni mchoro. Mkunje angali kwenye kompyuta, maana akishakuwa mbao kakauka.

SENTIMITA MOJA INAYOKULA UBAO MZIMA

Najua kuna msomaji anasema, "Huyu naye, ndege na madaraja vinanihusu nini mimi wa stuli na vitanda?" Sawa kaka. Basi twende kwenye stuli na vitanda.

Tuseme unatengeneza shelfu la vitabu lenye rafu sita. Umeamua kila rafu iwe na urefu wa sentimita 61, kwa sababu ndiyo futi mbili na wewe umezoea futi. Ubao wako una futi 12. Haya, tupige hesabu. Futi 12 ni sentimita 365.76. Rafu sita mara 61 ni sentimita 366. Umeona? Imepelea kama robo ya sentimita. Na hapo bado hujaulipa msumeno! Msumeno nao unakula. Kila ukikata, milimita tatu hivi zinageuka vumbi. Kwa hiyo rafu ya sita haitoki kwenye ubao ule, inabidi ununue ubao wa pili kwa ajili ya rafu moja.

Sasa punguza kila rafu iwe sentimita 60. Sita mara 60 ni 360. Ongeza mikato sita ya milimita tatu, ni sentimita 1.8. Jumla 361.8. Ubao mmoja unatosha na kipande kinabaki. Mteja hawezi kuiona hiyo sentimita moja iliyopungua. Mfuko wako utaiona.

Hiyo ndiyo kazi ya mchoro. Ukiwa umechora kila kipande kwa kipimo chake, unatoa orodha ya vipande vyote, unavipanga kwenye ubao hapo hapo kwenye skrini, unajua ununue mbao ngapi kabla hujaenda dukani. Fundi wa makadirio ananunua nane, anatumia sita na nusu, zilizobaki zinakuwa kuni za mama lishe. Na siku hizi mninga na mtiki siyo vitu vya kuchezea. Bei yake wote mnaijua, sina haja ya kuwaongezea presha.

Kwanza mtiki wenyewe ni wa nyumbani. Bonde letu hili lina mashamba ya mitiki ya maelfu ya hekta, ile kampuni ya mitiki ya bonde la Kilombero ilianza tangu 1992, na mbao za kutoka huku zinasafiri mpaka nje ya nchi. Halafu kijana wa Ifakara aliyeoa juzi anataka seti ya sebuleni anapanda basi kwenda Dar kuagiza! Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Kule wananionyesha kwanza nikipendacho." Umesikia? Hajasema mafundi wa kule wanapiga randa vizuri kuliko wa kwetu. Amesema wanamwonyesha. Mteja wa siku hizi ananunua kwa macho kwanza.

PICHA YA KITU AMBACHO HAKIJAZALIWA

Hapo tunaingia kwenye utamu wenyewe. Ukishamaliza kuchora umbo lako kwenye kompyuta, unaweza kulivalisha nguo. Unalipaka rangi ya mninga au ya mpingo, unaliwekea mwanga wa dirisha, kivuli chini, hata zulia na chungu cha maua pembeni. Wenyewe wanaita kurenda. Inatoka picha ambayo ukimwonyesha shangazi atakuuliza umenunua wapi, kumbe kitu hakijazaliwa bado.

Kwa mteja hii ni dawa. Yule dada wa miguu ya tembo angeonyeshwa picha mbili, moja ya miguu minene, moja ya miguu membamba, na bei ya kila moja chini yake. Angechagua, akatia sahihi, fundi naye akatia sahihi. Siku ya kuchukua mzigo ugomvi unatoka wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi bila mchoro inaisha kwa maneno.

Lakini naomba msikilize hapa, hasa nyie vijana mnaopenda vitu vya kumetameta. Picha nzuri siyo kiti kizuri. Ndani ya kompyuta hakuna uzito. Unaweza kuchora kiti chenye mguu mmoja mwembamba kama kijiti cha mshikaki, kikasimama raha mustarehe kwenye skrini, hakuna wa kukuuliza. Kilete duniani, akalie mjomba mwenye kilo 95 aliyekuja kwenye barua ya posa. Aibu yake utaibeba mwenyewe. Kompyuta haijui fundo la mbao liko wapi. Haijui kwamba mbao mbichi ikikauka inajikunja. Haijui kwamba Mto Lumemo ukifura maji yanaingia mpaka sebuleni, na kabati la Ifakara linalokaa chini kabisa sakafuni, bila miguu, linaoza kuanzia chini.

Haya yote anayajua nani? Yule yule mzee wa penseli sikioni. Kwa hiyo kijana, usimwendee mzee na laptopu yako kwa madaha kama umetoka mwezini. Nenda kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini hicho?"

"Nimechora meza, mzee. Naomba uniangalizie miguu."

Utaona. Mzee atavuta miwani, ataangalia skrini, atacheka kidogo, halafu atakwambia neno moja tu: "Hapa weka boriti ndogo ya kushikilia, mwanangu, la sivyo itayumba." Neno hilo moja lina miaka thelathini ndani yake. Wewe una kipanya, yeye ana vidole. Mkikaa pamoja mnafanya kazi moja ya maana.

MITEGO YA MBU INATUFUNDISHA NINI?

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wa Ifakara tunalo mlangoni na hatulitilii maanani. Wenzetu wa Taasisi ya Afya Ifakara, watu wa utafiti wa malaria, wana historia ndefu hapa mjini tangu miaka ya 1950 ilipoanza kama maabara ya Waswisi. Wengi tunawajua kwa kutoboa vidole na kuhesabu mbu. Lakini ukiwaangalia kwa jicho la fundi, utaona kwamba wale ni wabunifu wa vifaa.

Chukua lile hema la kutegea mbu, Ifakara Tent Trap, ambalo mtafiti Nicodem Govella na wenzake walilitangaza mwaka 2009. Mtu analala ndani amekingwa salama, mbu anafuata harufu yake, anaingia kwenye njia iliyotengenezwa kama mrija mpana nje na mwembamba ndani, na akishaingia anapotea njia ya kutoka. Hema lile halikutoka zima siku moja. Lilipita matoleo, wakayaita kwa herufi, kila toleo likirekebisha kasoro ya lililotangulia.

Au lile kasha la mbao la kuvutia mbu wa nje, ambalo Nancy Matowo na wenzake waliliandika mwaka 2013. Ndani kuna harufu inayofanana na ya binadamu, feni ndogo ya umeme wa jua inaipuliza nje, mbu anakuja kutua akidhani amepata chakula. Hiyo ni kazi ya seremala, fundi umeme na mwanasayansi kwenye kitu kimoja. Mwaka 2017 wakaandika kuhusu mapambo ya katani na magunia yaliyotiwa dawa ya kufukuza mbu, ya kuwekwa kwenye baa za nje. Eti mapambo ya baa! Mwaka 2018 zikaja tepe za kitambaa cha gunia chenye dawa, za kuzungushia ule uwazi kati ya ukuta na paa. Mwaka 2020 wakaandika kuhusu sandozi zenye dawa, mtu anakaa kibarazani na mbu anamkwepa miguuni.

Kwa nini nawaletea haya? Kwa sababu hebu fikiria sandozi. Dawa inaweza kufanya kazi vizuri sana, lakini kama sandozi zenyewe ni za kizamani, zinambana dada vidole, hazivai. Na zisipovaliwa, mbu atamng'ata kama kawaida na malaria iko pale pale. Mapambo ya baa yakiwa mabaya, mwenye baa atayang'oa. Huku kwetu umbo la kitu siyo urembo tu. Umbo linaweza kuamua kama mtoto wa mtu ataamka asubuhi ana homa au hana.

Na angalia wanavyofanya majaribio. Pale Kining'ina wamejenga banda kubwa lililozungushiwa wavu, ndani wameweka nyumba na mimea, wanaachia mbu humo humo na kuangalia kifaa kinafanyaje. Kikifeli kimefelia ndani ya wavu, hakijafelia kijijini. Wanaanza padogo kabla ya pakubwa. Mchoro wa kompyuta ni padogo zaidi hata ya hapo. Kabla hujashona hema la pili, unalishona kwenye skrini. Kabla hujachonga kasha la tatu, unalichonga kwenye skrini. Vitambaa na mbao vinabaki kwa majaribio yanayostahili.

Sasa jiulize, kijana uliyeketi kijiweni Kibaoni na kidato chako cha nne mfukoni. Wanasayansi wanajua mbu anapenda nini. Wewe unajua wasichana wa mtaani kwenu wanapenda sandozi za aina gani. Ukijua kuchora, mnaweza kukaa meza moja. Usipojua kuchora, wazo lako litabaki maneno ya kijiweni, na maneno ya kijiweni hayalipi kodi ya chumba.

UANZIE WAPI?

Nasikia swali: "Hela ya hizo programu ipo?" Tulia. AutoCAD yenyewe inalipiwa, na zile za kudurufu za kwenye flashi zinakuja na virusi mpaka kompyuta inaanza kuongea peke yake. Lakini zipo za bure kabisa, za halali. FreeCAD, iliyoanza 2002, ni ya kuchora vitu vyenye vipimo. LibreCAD ni nyepesi, ya michoro ya bapa, hata kompyuta kuukuu inaibeba. Blender ni ya kurenda hizo picha za kumetameta. Ukishazipakua mara moja, intaneti hata ikikatika wewe unachora tu. Umeme nao una tabia zake, kwa hiyo hifadhi faili lako kila baada ya dakika chache, usije ukalia.

Kompyuta huna? Changa na washkaji wawili, au omba muda kwenye steshenari ambayo mchana haina wateja. Simu siyo mbaya kwa kuangalia, lakini kuchora kwa kidole gumba ni mateso.

Anza na kitu ulichokikalia. Ndiyo, hicho hicho. Chukua tepu, pima stuli yako: urefu, upana, unene wa mguu, umbali kati ya mguu na mguu. Andika kwenye karatasi kwa milimita, achana na futi kwenye kazi ya kuchora. Halafu ichore kama ilivyo, mbele, ubavuni na juu. Ukimaliza, chora keria ya baiskeli. Ifakara baiskeli zimejaa na kila siku keria inavunjika pale pale ilipochomelewa chini ya gunia la mpunga. Pima iliyovunjika, jiulize kwa nini imevunjika hapo, chora yenye chuma cha kuegemea. Mpelekee mchomeleaji. Ikikaa msimu mmoja wa mavuno bila kuvunjika, tayari una bidhaa. Anayetaka kwenda mbali zaidi, vyuo vya VETA vipo, pale Moro kuna Kihonda, na DIT ipo Dar. Kaulize wana kozi gani na ada kiasi gani.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa sauti. Kwenye mchoro wako andika jina lako, tarehe na vipimo. Unapompelekea mteja kwa mara ya kwanza, mpe picha tu, usimpe vipimo vyote kabla hajatoa advansi. Wapo wajanja wanaochukua mchoro wako mchana, jioni umeshapelekwa kwa fundi wa bei chee mtaa wa pili. Michoro ni miongoni mwa kazi ambazo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua, lakini sheria inamsaidia mwenye ushahidi, haimsaidii mwenye kulalamika barazani.

Na nyie wateja, hasa dada zangu, msicheke mafundi peke yao. Fundi akikuambia mchoro una gharama yake, usimnunie. Unatoa elfu kadhaa ya mchoro, unaokoa laki za kabati. Siku nyingine ukienda kuagiza kitu, kabla ya kufungua pochi sema hivi, kwa upole tu: "Fundi, kaka yangu, nionyeshe kwanza." Akikuonyesha, kaa naye. Akikupa ahadi tupu, shika zako njia, mafundi ni wengi. Halafu ukirudi nyumbani upime na mlango wako!

Haya, wino umekauka na mbu wa jioni ameshaanza kunisalimia. Wiki ijayo tukijaliwa narudi kwenye mada mliyoiomba, ya wachumba wanaokopa viatu vya kwendea ukweni. Mpaka hapo, tuwe wazima. Chora kwanza!